"HAINA RISASI": BUNDUKI INAYOSAFISHWA JUU YA MEZA YA CHAKULA

SEHEMU YA 1

Nilisema wiki hii tunaendelea na uji wa mtoto wa miezi 6. Uji utasubiri. Juzi usiku nikiwa zamu imeingia meseji inbox, nimeisoma mara tatu, na hadi leo haijanitoka.

Ni mama kijana, mtoto wake ana miezi 8, ndiyo anaanza kutambaa. Ameniruhusu niandike, ila jina na mahali sitaji. Mume wake amerithi raifo ya marehemu baba yake, kahamishiwa kihalali, karatasi zipo. Wana shamba la mahindi ubavuni mwa pori, na nyani na nguruwe pori wanavuna kabla yao. Bunduki ilikaa muda mrefu ikaanza kushika kutu, basi shemeji kaamua kujifunza kuisafisha mwenyewe kwa video za kwenye simu. Anaifungulia juu ya meza ya chakula, saa mbili usiku, taarifa ya habari inaendelea, mtoto yuko chini ya meza anachezea kifuniko cha kopo. Swali la huyu mama lilikuwa moja tu: "Dada nesi, ile harufu ya mafuta haitamletea mtoto kifua?"

Nikamuuliza, mtutu ulikuwa unaangalia wapi? Akajibu wala hana wasiwasi: "Ah, haina risasi dada. Ameniambia."

Haina risasi. Jamani, nina miaka kumi na kitu nafanya kazi hospitali, nusu yake mapokezi ya dharura, na hayo maneno mawili nimeyasikia kutoka kwa watu waliokuwa wamelowa damu isiyo yao. Kijana mmoja alimleta dada yake wa miaka 16 (nimebadilisha vitu viwili vitatu wasitambulike). Yeye alikuwa anapangusa bunduki ya mjomba wake barazani, binti alikuwa uani anapepeta mchele. Tulipokuwa tunamkata gauni tuone jeraha, kaka mtu amesimama mlangoni anarudia kama kanda iliyokwama: ilikuwa haina risasi, nesi, ilikuwa haina risasi. Binti alipona. Mkono wa kulia haukunyi vizuri mpaka leo, na alikuwa anajifunza cherehani.

Sasa jana nimegusia hili jambo kwa mistari miwili tu, nikapokea majibu. "Nesi baki na kliniki." "Bunduki ni mambo ya wanaume." Nimeyasoma yote. Nawajibu hapa hapa na sitazunguka: bunduki inakuwa mambo ya wanaume mpaka pale inapolia. Ikishalia inakuwa mambo ya mama anayekimbia barabarani na mtoto mgongoni kutafuta bodaboda, inakuwa mambo ya dada wa maabara anayetafuta damu ya kundi O saa saba usiku, inakuwa mambo yangu. Kwa hiyo nina haki ya kuizungumzia kabla haijalia. Na wewe mama unayelala nayo nyumba moja una haki kubwa kuniliko.

Sisemi mume asisafishe bunduki. Bunduki chafu nayo ni hatari, nitaeleza. Ninachopinga ni hii tabia ya kuifungua katikati ya familia na kufunga mjadala kwa maneno mawili. Hayo maneno ni uongo mara mbili, maana "risasi" kwa Kiswahili chetu ni vitu viwili, na vyote viwili vinaweza kuwepo mezani pako. Cha kwanza ni ile inayotoka mtutuni. Cha pili tutafika.

SEHEMU YA 2

Niliahidi nitaeleza ninajuaje haya mambo. Mimi ni mtoto wa mwenye gobore. Baba alikuwa nalo kwa ajili ya nyani, kama nusu ya wazee wa kijiji chetu, na wakati ule hakuna aliyekuwa anauliza karatasi. Kazi yangu mimi, mtoto wa miaka 7 au 8, ilikuwa kushika kandili wakati anasafisha. Nilikuwa nasimama mbele, nainua taa karibu na mdomo wa mtutu ili mwanga uingie, baba aone ndani kama pamebaki masizi. Nilikuwa naona fahari, maana kaka zangu hawakupewa hiyo kazi. Nimekuja kuelewa nikiwa chuo, siku ya somo la majeraha, kwamba miaka ile yote mimi ndiye nilikuwa mbele ya mtutu. Na baba alikuwa ananipenda kweli, hamkuwa na mtu mwenye huruma kama yule. Kwa hiyo dada usiniambie "mume wangu ni mwangalifu, anampenda mtoto." Upendo hauna kazi hapa. Kinachohesabika ni mtutu unaangalia wapi na nani kaangalia chemba.

Sikilizeni jinsi mtu mwenye akili timamu anavyojidanganya.

Bunduki nyingi zina sehemu mbili za risasi kukaa. Ipo magazini, yaani ghala ya risasi za akiba, na ipo chemba, kile kitundu mwanzoni mwa mtutu inapoingia risasi moja iliyo tayari kupigwa. Mtu mgeni anachomoa magazini, anaiweka pembeni, moyo unatulia: haina risasi. Kumbe iliyo chemba haijaenda popote. Kuchomoa magazini hakuitoi. Mwingine anajua habari ya chemba lakini anakosea mpangilio: anavuta kwanza, ile ya chemba inaruka nje, anaiona kwa macho yake anafurahi, halafu ndiyo anachomoa magazini. Kwenye bunduki zinazojipakia zenyewe, pale alipoachia, nyingine ilishapanda kutoka magazini ikachukua nafasi ya ile iliyotoka. Huyu sasa ana uhakika kabisa, kwa sababu ameiona ikitoka! Huyu ndiye anayebonyeza triga "kujaribu".

Mpangilio ni mmoja: chanzo cha risasi kitoke kwanza, halafu chemba ifunguliwe na ibaki wazi, halafu uangalie kwa macho na uingize ncha ya kidole kidogo upapase. Macho yanadanganywa na giza, kidole hakidanganyiki.

Gobore ni balaa jingine. Linashindiliwa kutokea mbele, baruti kwanza, halafu goroli au vipande vya chuma, na ukilitazama kwa nje huwezi kujua kama limejaa. Wazee wenye busara wana mdeki, ule ufito wa kushindilia, wenye alama: ukiuingiza kwenye mtutu mtupu unazama hadi kwenye alama, ukikwama juu yake kuna kitu ndani. Mdeki usio na alama haukuambii kitu. Na gobore lililopakiwa msimu uliopita mwenyewe akasahau bado ni gobore lililopakiwa. Ila nisiwapambie: gobore lisilo na kibali halitafutiwi fundi wala mafuta, linasalimishwa polisi. Jeshi la Polisi huwa linatangaza vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha kwa hiari. Mama, ukisikia tangazo hilo, hiyo ndiyo siku ya kuongea na mzee.

Kuna mtu atasema mimi naongea kwa woga wa kike. Sawa, basi tuwasikilize wanaume wa Marekani wanaopenda bunduki kuliko sisi tunavyopenda ugali. Kule alikuwepo Jeff Cooper, askari wa zamani wa majini, aliyetumia maisha yake kufundisha watu kupiga risasi, na ndiye anayejulikana kwa kueneza zile kanuni nne za usalama. Ya kwanza inasema kila bunduki ina risasi, siku zote. Haisemi "huenda ina." Ya pili, usielekeze mtutu kwenye kitu ambacho hauko tayari kukiharibu. Ya tatu, kidole kikae nje ya triga mpaka umeshalenga. Ya nne, jua unachokilenga na kilicho nyuma yake. Huyo hakuwa mkunga wa kliniki, na hakukubali maneno "haina risasi" hata kidogo.

Na nyuma ya ukuta wa nyumba zetu kuna nini? Matofali ya udongo, wengine mabati matupu. Risasi ya raifo haiulizi hodi. Inapita ukuta wa udongo na ubao wa mlango na bado ina nguvu ya kuua upande wa pili. Kwa hiyo "nilielekeza ukutani" si jibu kama ukutani kwa nyuma kuna kitanda cha mtoto au jirani anakaanga vitumbua.

SEHEMU YA 3

Leo shemeji zangu nawaomba msome wenyewe, wake zenu wasiwasomee. Maana mmeniandikia: "sasa nesi unataka tuziache zioze?" Hapana. Kutu ndani ya mtutu, tope la nyigu (ndio, nyigu hujenga humo), kitambaa kilichosahaulika, vyote hivyo vinaziba njia. Baruti ikiwaka na njia imeziba, presha haina pa kwenda, mtutu unapasuka usoni mwa mpigaji. Kwa hiyo kusafisha ni lazima. Ila kuna kusafisha, na kuna kufanya maonyesho.

Mahali: nje, au stoo, au chumba kisicho na mtu, mtutu ukiangalia kilima cha udongo au rundo la magunia ya mchanga, hata pale unapojua hamna kitu. Mtoto yuko na mtu mzima mwingine anayejulikana kwa jina, siyo "yupo yupo tu." Simu imezimwa. Bia haijafunguliwa, wala iliyofunguliwa mchana haihesabiwi kuwa imeshaisha kichwani. Risasi zote zinaondolewa, zinapelekwa chumba kingine, zinahesabiwa. Kama zilikuwa 20 na mezani unaona 19, kazi imesimama.

Baada ya hapo ndiyo uanze usafi wenyewe, na usafi wenyewe si mgumu, niseme ukweli. Fulana kuukuu ya pamba inakatwa vipande vidogo. Kimoja kinalowekwa dawa ya kusafishia mtutu, kinasukumwa kwa ufito, kutokea upande wa chemba kuelekea mdomoni pale bunduki inaporuhusu, ili masizi yatoke nje yasirudi kwenye mashine. Kinaachwa kidogo dawa ifanye kazi, inafuata brashi ya shaba, halafu vipande vikavu kimoja kimoja mpaka kitoke kisafi. Mwisho mafuta ya bunduki, kidogo sana, utando tu. Mafuta yakizidi yanakusanya vumbi na kuingia kwenye ubao wa kitako. Na kabla ya kupiga tena, pitisha kitambaa kikavu mtutuni, uhakikishe umetoka na vitambaa vyote ulivyoingia navyo. Sisi kwenye chumba cha upasuaji tunahesabu vitambaa kabla ya kufunga tumbo la mama. Hesabuni na nyie.

Usisugue kwa stilwaya la masufuria, linachubua ile mikunjo ya ndani inayozungusha risasi. Usipake mafuta ya alizeti, yanaganda yanakuwa gundi. Petroli wala usinijadilie. Na usiihifadhi imefungwa kwenye kanga au mfuko wenye unyevu ukidhani umeitunza, hapo umeiotesha kutu, hasa masika na hasa nyie wa pwani wenye upepo wa chumvi.

Hapo ndipo mwanafunzi anapoishia. Kusafisha kwa nje na mtutu, basi. Kugusa triga iwe laini zaidi, kuchomelea, kupiga msasa, kugonga kwa nyundo risasi iliyokwama, kufungua skrubu kwa sababu tu bisibisi imeenea, hiyo si kazi ya mtu aliyeangalia video tatu. Inapelekwa kwa fundi anayetambulika kisheria. Triga iliyolainishwa nyumbani ndiyo inayolia bunduki ikianguka sakafuni.

Na hizi video zenyewe! Nimekaa na mtoto wa dada yangu Jumapili tukaangalia kadhaa, na mimi nilikuwa na daftari. Inaanza bunduki imeshafunguliwa mezani, muziki unapiga, mtu anasifia mafuta. Ile sehemu ya kutoa risasi na kupapasa chemba, sehemu pekee ambayo ikikosewa mtu anafika kwangu, wanairuka au wanaipita kwa sekunde mbili. Wanafundisha kung'arisha. Ni sawa na mimi niwafundishe kufunga bandeji vizuri bila kuwaambia mnawe mikono.

Halafu kuna wale wa kila Jumamosi. Bunduki haijapigwa tangu msimu uliopita, haijanyeshewa, lakini wageni wakija inatolewa "kupanguswa." Shemeji, bunduki inasafishwa baada ya kupigwa na baada ya kulowa, na inakaguliwa kutu mara moja moja. Kila unapoitoa bila sababu umeongeza siku moja ambayo kitu kinaweza kutokea. Unachosafisha hapo ni sifa zako.

SEHEMU YA 4

Sasa ile risasi ya pili, na hii ndiyo mada yangu hasa kama nesi, kwa sababu hailii na hamtamkimbiza mtu hospitali.

Risasi ni jina la madini pia. Ile metali nzito ya kijivu, laini, iliyomo kwenye betri za magari na kwenye rangi nyingi za zamani. Vichwa vya risasi nyingi vimetengenezwa nayo, na fataki, ile sehemu ya nyuma inayogongwa ikawasha baruti, kwa risasi nyingi ina mchanganyiko wenye madini hayo hayo. Kila ukipiga, vumbi lake linabaki ndani ya mtutu, kwenye chemba, mikononi na kwenye mikono ya shati. Unapopitisha kile kitambaa kikatoka cheusi, umeitoa ndani ya bunduki ukaileta mezani. Kwa hiyo hata baada ya chemba kuangaliwa na kupapaswa, na kweli ikawa tupu, bado mezani pana risasi.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini ya risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara. Na mtoto mdogo hayuko sawa na wewe: kiasi anachokimeza kinaingia mwilini mwake mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Na anameza kweli, si unamjua mtoto anayetambaa? Mkono sakafuni, mkono mdomoni. Yakiingia yanagusa ubongo unaokua, yanapunguza uwezo wa kujifunza, yanaleta upungufu wa damu. Mwenye upungufu wa madini ya chuma yanamwingia zaidi, na nyie mnajua watoto wetu wangapi kliniki tunawakuta na damu ndogo. Mjamzito ndiyo usiseme: yanapita kondo la nyuma yanamfikia aliye tumboni, yanahusishwa na mimba kutoka, mtoto kufia tumboni, kuzaliwa kabla ya wakati na uzito mdogo. Tena yana tabia ya kujificha kwenye mifupa miaka na miaka, halafu mama akibeba mimba yanarudi kwenye damu.

Hapa hospitalini kwetu kipimo chake hatuna. Kwa hiyo siwezi kukuambia "mlete nimpime nikutoe wasiwasi." Nilichonacho ni maji na sabuni. Meza ya chakula marufuku, hata ukitandika gazeti. Asiyekuwa na kazi pale asiwepo, na mjamzito na anayenyonyesha wasipewe kazi ya kufua zile nguo wala kuokota vitambaa. Aliyesafisha ndiye anayekusanya vitambaa mwenyewe, anavifunga kwenye mfuko, anavitupa mbali na jalala ambalo watoto wanachezea, na havichomwi jikoni. Anafuta alipofanyia kazi kwa kitambaa kibichi, hafagii, maana ufagio unarusha vumbi. Ananawa hadi viwiko, anabadilisha shati, ndiyo ambebe mwanae. Asile wala asivute sigara katikati ya kazi. Na wale wanaoyeyusha betri kuukuu kwenye jiko la mkaa watengeneze goroli za gobore, kwenye sufuria ambayo kesho itapikia maharage, sina maneno ya upole kwa ajili yenu. Moshi ule unawaingia wote uani.

Kabla sijatoka hapa, kitu ambacho wodi ya watoto nimekiona mara nyingi kuliko jeraha la risasi: mafuta ya taa kwenye chupa ya soda. Wanaosafisha bunduki kijijini wengi wanatumia mafuta ya taa kuondolea masizi, yanawekwa kwenye chupa ya soda au ya maji, yanaachwa chini ya meza. Mtoto ana kiu. Ikitokea, USIMTAPISHE. Usimpe maziwa wala mafuta ya kula "yakate sumu." Akitapika yanaingia kwenye mapafu, na mapafu ndiyo yanayoua hapo. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi, chukua ile chupa, njoo hospitali hata kama anacheza, kwa sababu kikohozi na kupumua haraka vinaweza kuanza masaa kadhaa baadaye. Kwa hiyo yule mama aliyeuliza harufu na kifua hakukosea kabisa. Kasoro ni kwamba hatari ilikuwa kwenye chupa kuliko hewani.

SEHEMU YA 5

Hii ya mwisho, kesho kutwa nina zamu mfululizo.

Baba mmoja kaniandikia kistaarabu kabisa, ameandika vizuri, ninamheshimu. Anasema yeye bunduki anaiweka juu ya kabati, na mwanae wa miaka 9 amemkalisha akamfundisha: hii haiguswi. Mtoto ameelewa, hata ukimuuliza anajibu.

Baba, nakuamini kwamba anajibu. Mwaka 2001 jarida la Pediatrics la Marekani lilichapisha jaribio. Wavulana wa miaka 8 hadi 12, wawili wawili au watatu watatu, waliachwa kwenye chumba chenye bastola halisi isiyo na risasi, imefichwa kwenye droo, watafiti wanaangalia kwa kioo cha upande mmoja. Makundi yalikuwa 29. Yaliyoikuta bastola ni 21. Kati ya hayo, 16 waliishika, na kwenye makundi 10 kuna mtoto aliyevuta triga. Zaidi ya asilimia 90 ya walioishika au kuvuta triga walikuwa wameshawahi kupewa mafunzo fulani ya usalama wa bunduki. Nao wangekujibu vizuri ungewauliza.

Juu ya kabati ni mahali ambapo kila mtoto wa Tanzania anajua panafichwa biskuti za wageni. Bunduki inafungiwa, kabati la chuma au sanduku lenye kufuli lililofungwa ukutani, risasi zinafungiwa mahali pengine na ufunguo mwingine, na funguo hazikai kwenye msumari sebuleni. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka mwenye silaha aitunze salama, kwa hiyo mama ukidai kabati la chuma huleti jeuri ndani ya ndoa, unamkumbusha sharti la kibali chake. Kama hela ya kabati haipo, basi hela ya bunduki ilikuwa haijatosha.

Na siku ukiona mtu ndani ya nyumba hali vizuri, halali, anaongea habari ya kufa, awe baba, awe kijana, awe wewe mwenyewe baada ya kujifungua, ile bunduki iondoke siku hiyo hiyo, polisi waombwe kuihifadhi, halafu uje naye tuongee. Hilo sitaki kulirefusha hapa, ila nimelala nalo.

Ikitokea imelia na mtu ameumia: hakikisheni bunduki imewekwa chini na hakuna anayeigusa. Kanga safi, kunja, kandamiza pale damu inapotoka kwa nguvu zako zote na usiachie uchungulie. Ikilowa, ongeza nyingine juu yake. Kama ni mkono au mguu na damu haikamatiki, funga kitambaa kipana juu ya jeraha, si kwenye kiungo, kaza kwa kijiti mpaka damu isimame, andika saa, usikilegeze njiani. Usichokonoe kutafuta risasi. Usimpe chai wala maji, huenda anaenda upasuaji. Na msipitie kituo cha polisi kuchukua PF3 huku mtu anavuja, mgonjwa aje moja kwa moja, karatasi ifuatwe na mtu mwingine. Nimeshapokea waliochelewa kwa sababu ya foleni ya karatasi, na sitaki kumpokea mwingine.

Yule mama wa meseji ameniandika tena jana. Alimsomea mume wake sehemu ya 2, alinuna siku mbili. Ya tatu akaibeba akaenda nayo nyuma ya banda la ng'ombe, akachomoa magazini, akafungua chemba, akapapasa. Hamkuwa na kitu. Amerudi akamwambia mkewe, "umeona? Mwambie nesi wako."

Nimeambiwa, shemeji. Nimefurahi. Sasa hivi umeangalia ukakuta hamna, juzi ulikuwa unasema tu. Meza mmeshaiosha? Kwa sabuni, siyo kupangusa.

Uji wa mtoto ni Jumatano.